Papai Bichi na Alasiri Iliyonipita

Mama,

Nakutolea salamu kwanza, zile zile ninazokutolea kila Ijumaa nikipita makaburini, ila leo niko jikoni kwako. Nimekaa mlangoni, daftari limelala magotini. Najua ustadhi angeniambia niombe dua niache kuandika. Dua nimeomba, Mama, asubuhi na sasa hivi baada ya adhuhuri. Imebaki hofu, nayo sijui niipeleke wapi, kwa hiyo naileta kwako kama nilivyozoea.

Leo ndiyo vunja jungu yetu. Mwezi wa Ramadhani tunautazamia kesho kutwa, na mimi Mwanasiti wako, ambaye hata upepeo wa moto hukunipa nishike, ndiye ninayepika mishkaki ya nyumba nzima. Kaka Bakari anakuja kutoka Mkongani na mkewe na watoto. Shangazi Mwanahawa anatoka Jego. Shangazi haji kula tu, Mama. Anakuja kumchukua Baba.

Nikueleze vizuri, maana haya yote yamekuja baada yako. Siku ya arobaini yako, watu wamekwisha kula na wanaanza kuaga, Shangazi alisimama katikati ya ua akasema mbele ya kila mtu: "Kaka yangu hatafuturu na paka. Kabla mwezi haujaandama nitakuja mwenyewe nimchukue, akakae kwetu Jego." Alikuwa ananisema mimi na zamu zangu. Bado nafua na kupiga pasi mashuka kule hotelini Diani, na wiki za zamu ya jioni narudi Baba amekwisha kulala. Mimi nikainama nikaendelea kukusanya sahani. Baba naye hakusema ndiyo wala hakusema la, alikuwa anavuta tasbihi tu. Nikajipa moyo kwamba mambo yamepita.

Hayakupita. Juzi nilimkuta ametelemsha mkoba wake kutoka juu ya kabati anapanga vikoi, kimoja kimoja, anavikunja kama ulivyokuwa ukivikunja wewe. Nikasimama mlangoni. Nilitaka kumwambia asiende. Badala yake nikasema, "Baba, shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu," nami nikageuka nikaenda kuteka maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Unanijua. Wewe ndiye uliyesema kwamba mimi hata nikiingia peponi nitauliza kama mlango umefungwa vizuri.

Naogopa akienda hatarudi. Mtu wa umri wake akishapanga nguo zake kwenye kabati la watu hazitoki tena. Bakari ana nyumba yake. Mimi tangu niachike sina pengine pa kwenda, na wala sipataki. Nitabaki hapa Kinondo na vyumba vinne, nikiwasha taa ya barazani jioni ili majirani wajue kuna mtu. Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba anakwenda akiwa hali chakula, na sijui nimemkosea nini.

Hali, Mama. Tangu uondoke anatia matonge matatu, mara nyingine manne, kisha anasema Alhamdulillahi na kuifunika sahani kwa kawa kana kwamba ameshiba. Kanzu zake zimekuwa pana. Mwanzoni nilidhani ni msiba, nikadhani utapoa. Halafu nikajiambia tatizo ni mkono wangu, kwa sababu kusema kweli miezi ile ya kwanza nilikuwa napika vibaya. Basi nikajifunza. Nimemsumbua kila mwanamke wa mtaa huu aliyewahi kupika nawe kwenye shughuli. Nimejua ulikuwa unatia tui la mwisho wali ukishakauka, nimejua samaki wako wa kupaka ulimtia ukwaju kabla ya nazi na si baada. Nimepika mpaka juzi nilionja mchuzi nikashtuka nikageuka nyuma, nikidhani umeingia. Baba siku hiyo alikula matonge mawili.

Kwa hiyo leo nimejiwekea sharti la kijinga na siwezi kuliondoa kichwani. Mishkaki ikitoka kama yako, sawasawa na yako, Baba ataonja, atakumbuka kwamba hapa ndipo kwake, na atamwambia Shangazi arudi peke yake. Isipotoka, anakwenda. Nimeliwaza hilo tangu alfajiri.

Nikwambie nilivyofanya, unirekebishe kama ungaliweza. Nyama ni steki, nimeifuata bucha mwenyewe kabla ya jua kupanda ili nisiuziwe mapaja. Nimeikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Mafuta nimeyatenga, nitachomeka kipande kimoja kila baada ya nyama tatu ili yadondoke na kulainisha. Kitunguu thomu na tangawizi nimetwanga kwenye kinu, sikusaga kwa mashine, kwa sababu ulikuwa ukisema mashine inatoa maji mengi. Bizari nyembamba nimeikaanga kavu mpaka ikanukia. Pilipili manga, ndimu, maziwa lala kikombe kimoja, mafuta kidogo. Chumvi sijatia, nitatia karibu na moto. Spoku za baiskeli alizokunolea Baba nimezisugua kwa majivu. Ukwaju umelowekwa wa kupaka.

Msichana mmoja tunayefanya naye kazi, wa kutoka bara, aliniona jana nikiandika haya yote kwenye kipande cha karatasi akanicheka. "Dada, mbona unajistress? Tafuta tu kwa simu, ziko mob." Ziko nyingi kweli, nilizitazama. Hakuna hata moja inayopima kwa adhana.

Na hapo ndipo roho yangu ilipo, Mama. Kwenye papai. Papai bichi lililokunwa na ganda lake, linaloilainisha nyama hadi mtu asiye na meno aile. Ulinifundisha kwa sentensi moja na hukuirudia: "Linaingia adhuhuri, linakwenda motoni alasiri." Hukuwahi kutazama saa. Mwadhini akiadhini adhuhuri, unaswali, unatia papai. Akiadhini alasiri, unaanza kuchomeka, hata kama wageni hawajafika, hata kama makaa hayajashika vizuri. Nikikuuliza kwa nini, unasema papai halina subira.

Nimelitia baada ya kuswali adhuhuri, kama ulivyosema. Lakini nikuungamie. Nyama niliiona ngumu. Nilikibonyeza kipande kimoja kikaniruka kidoleni, nikaingiwa na wasiwasi kwamba ni ng'ombe mzee, nikaongeza kijiko kimoja cha papai. Halafu kingine. Sasa beseni limefunikwa pale kivulini na mimi ninangoja.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Simu nimeizima kuhifadhi chaji, niiwashe baadaye Bakari asije akapotea njia, kana kwamba Bakari anaweza kupotea njia ya kuja kwao. Baba alitoka kwenda kuswali adhuhuri na hakurudi, atakuwa amekaa barazani pa msikiti na wazee wenzake mpaka alasiri, ndivyo afanyavyo siku hizi kuikwepa nyumba. Nyumba imenyamaza. Joto la kaskazi limebana mpaka mikono inanata kwenye karatasi.

Nikupe jambo dogo la kukuchekesha. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita nyuma ya jiko mishkaki ya kwanza ikishaiva, eti nionje chumvi? Mpaka nikiwa mke wa mtu uliniita. Bakari alikuwa anakasirika, anasema yeye naye anajua chumvi. Nawe ulikuwa unamjibu kwamba ulimi wa mwanamume unajua kula tu, haujui kuonja. Nilipokuwa mtoto niliamini kweli ninakusaidia. Nilikuwa natafuna nimefumba macho, nasema imezidi kidogo au imepungua kidogo, nawe unaitikia kwa kichwa na hufanyi chochote. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba chumvi yako haikuwahi kupungua. Ulitaka tu nile ya moto kabla ya wengine.

Na ule mwaka tuliokwenda kuvunja jungu Galu pwani, upepo ukapeperusha majivu yote kwenye sahani za wakwe wa Bakari. Wewe hukuomba radhi hata kidogo. Uliwaambia majivu ya mkaa ni dawa ya tumbo, mkwe mwanamke akala sahani nzima na kuuliza kama yamebaki. Nililia kwa kicheko nyuma ya mnazi. Hukunitazama, kwa sababu ungenitazama nawe ungecheka.

Halafu zile siku tisa zako za mwisho. Sikutaka kuziandika lakini mkono umekwenda wenyewe. Homa ilikuwa imekupanda, ulikuwa unauliza kama bucha amefungua, unaniambia nikatie kuni, na tangu tuhamie jiko la makaa hatujawahi kutumia kuni. Siku ya saba ulinishika kifundo cha mkono, macho yako safi kabisa, ukasema: "Mwanasiti, papai lisije likaila nyama." Nikacheka, Mama. Nikakwambia lala, nani atapika mishkaki sasa hivi. Ukaniachia mkono. Kila nikikumbuka kile kicheko changu natamani nirudi nikakuulize ulitaka kusema nini zaidi, kwa sababu nina hakika kulikuwa na zaidi, ulikuwa unafungua mdomo na mimi nikakukatiza kwa

Ngoja.

Jua limeingia jikoni. Limefika mpaka kwenye mguu wangu, na mlango huu unatazama magharibi, halifiki hapa ila

Mama, sijasikia adhana.



Ni asubuhi, siku ya pili yake. Nimerudi kwenye daftari. Nilitaka kuuchana ule ukurasa wa juu, nikauacha, uone mwenyewe nilipokuachia.

Adhana ilitolewa. Umeme haukuwapo, kipaza sauti kilikuwa kimekufa, mwadhini akapanda akaadhini kwa sauti yake tupu, na upepo wa kaskazi ukaipeleka upande wa pili. Watu wakaswali alasiri wakamaliza. Mimi nilikuwa nakuandikia wewe. Niliposimama ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na papai lilikuwa limekaa na nyama saa nne na ushei, vijiko viwili zaidi ya kipimo chako.

Nikafunua beseni nikatia mkono. Vidole vikapita. Vilipita katikati ya steki kama ninavyovitia kwenye ugali wa moto kuonja. Nilichota kipande ikabaki alama yake kwenye vidole, chenyewe hakipo. Nikajaribu kukichomeka kwenye spoku kikateleza. Nikachagua vile vilivyokuwa vikubwa zaidi, nikavifinya viwili vitatu vikashika, nikavipeleka motoni nikipumua taratibu, na joto lilipovigusa tu vikaanguka kwenye makaa vyote. Moshi ukajaa jiko zima. Na katika moshi ule nikasikia gari linazima barabarani na watoto wa Bakari wanapiga kelele uani, "Mishkaki tayari?"

Nilikaa chini, Mama, juu ya sakafu, na nikasema kwa sauti, basi, anakwenda. Nilikuwa na hakika nayo. Nilimwona Baba ndani ya gari la kwenda Jego, mkoba magotini, hageuki nyuma.

Bucha ilikuwa imefungwa, siku ile kila mtu amekwisha nunua tangu asubuhi. Kuku hatunaye tena. Nilinyanyuka kwa sababu tu mke wa Bakari alikuwa anakuja jikoni kunisaidia na sikutaka anikute sakafuni. Nikamwambia kwanza naswali. Alasiri yangu niliiswali jua limekwisha kuwa jekundu, kwa haraka, mikono inanuka thomu, na sina hakika kama niliijaza vizuri.

Nilipotoka kwenye msala nikaona migomba.

Sikuwa na mpango. Nisikudanganye, sikuwa na akili yoyote, nilikuwa na beseni la nyama isiyoshikika na watu kumi na mmoja wenye njaa. Nikakata majani mapana, nikayababua juu ya moto yakalainika. Nikaichuja ile nyama kidogo, nikatia chumvi, dania, vitunguu maji nilivyokatakata vidogo, pilipili mbichi, na tui zito la nazi nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya maharage. Nikaigawa kwenye majani, nikafunga kwa kamba za makuti, nikalaza juu ya makaa kama mtu anayechoma samaki. Yale majani yakaanza kuungua pembeni na harufu ikatoka, harufu ambayo sijawahi kuisikia jikoni kwako. Hilo likanizidishia hofu. Nilipaka ukwaju juu ya majani, jambo lisilo na maana yoyote, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Shangazi Mwanahawa aliingia hapo. Unamjua, hapigi hodi kwa jambo analolitaka. Akainama, akafungua jani moja kwa ncha ya kidole, akatazama muda mrefu.

"Mwanasiti, mwanangu, hii ni nini?"

"Mishkaki, Shangazi."

"Hii? Hii nyama imekwisha kutafunwa. Nani ameitafuna?"

Nikasema papai. Akaguna. Kisha, nimtendee haki, alichukua upepeo akanipepea moto mpaka vyote vikaiva, bila kusema neno lingine, isipokuwa mara moja aliposema kwamba wewe ungekuwapo ungenipiga na mwiko. Nikamwambia najua.

Tulitandika mikeka uani. Baba alikuwa amerudi kutoka msikitini, amekaa pale pale anapokaa sikuzote, pembeni kabisa, na kando yake pamebaki nafasi ya mtu. Niliona mkoba wake barazani. Nikampelekea mkate wa boflo uliokatwa, ukwaju, na jani moja. Moja tu, niliona aibu kumwekea mawili. Halafu nikakaa mbali nikajifanya nawalisha watoto.

Alilifungua. Alitia tonge la kwanza akaacha kutafuna. Nikatazama chini. Nilihesabu makombo ya boflo yaliyomwagika kwenye mkeka, nikafika kumi na nne. Nilipotazama tena alikuwa amevunja boflo, anakusanya kile kilichobaki kwenye jani, anakula. Akanyoosha mkono akachukua jani la pili mwenyewe. Bakari akanitazama nami nikamtazama Bakari. Baba alikula majani manne, Mama. Alikula mpaka akailegeza shuka kiunoni.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi, nilishikwa na hofu mpya kwamba anakula kwa huruma, anakula kunifurahisha kabla ya safari. Na hapo kitu kikanikatika ndani. Nikaanza kusema mbele ya wote, sikuweza kujizuia, kwamba Baba nisamehe, alasiri ilinipita, nilikuwa naandika, papai limeila nyama, nilitaka iwe kama ya Mama na nimeiharibu, nilitaka iwe kama yake hasa, na sasa nalia na watoto wananitazama wameacha kutafuna.

Baba alifuta mikono. Nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nimelirudia moyoni tangu jana na sitaki lipotee.

"Mwanasiti. Miezi mitano unanipikia chakula cha mamako. Wali wake, mchuzi wake, mpaka chumvi yake. Nikitia tonge mdomoni namsikia yuko jikoni anavuta kibao cha kukunia nazi. Nageuka, hayuko. Kila mlo namzika tena. Hiki cha leo sikijui, sijakila popote. Ndiyo maana nimeweza kukimeza."

Shangazi aliliweka jani lake mkekani. Nilikuwa nimemfukuza mwenyewe, Mama, kwa wali wako. Kila nilipozidi kuupatia ndivyo nilivyozidi kumsukuma nje, na wale wanawake niliowasumbua, na yale majira ya kuwahi sokoni, na kile kijiko cha tui la mwisho, vyote vilikuwa vinamfungia mkoba.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujiaibisha, halikubaki la kuficha. Nikasema. Nilisema neno ambalo nimelibeba tangu arobaini na sikuwahi kulitoa mdomoni, na lilitoka dogo, kama mtoto anaomba maji.

"Baba, usiende."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo alilodhani hakuna atakayemuuliza. Akasema, "Kumbe wataka nibaki?" Yaani hakujua. Alikuwa anaona nakimbia kuteka maji kila nikimwona, akadhani nimechoka naye. Akamgeukia dada yake akamwambia, "Mwanahawa, mimi nitafunga hapa."

Shangazi alikasirika. Aliuliza habari za zamu zangu, nani atampa futari. Baba akasema ana mikono miwili, atajifunza kupasha chakula moto, na akishindwa atafuturu msikitini na wenzake. Shangazi akasema mwanamume huyu hajawahi kuwasha jiko tangu aoe. Ni kweli. Bakari alicheka, na Baba akacheka, kidogo, kooni, lakini nilimsikia. Shangazi aliondoka baada ya magharibi. Alibeba majani matatu ya ile nyama ndani ya kikapu, akasema ni ya jirani yake mmoja anayependa vitu vya ajabu.

Sasa ni asubuhi na hofu yangu haijaondoka, imebadilisha nguo tu. Amesema atafunga hapa. Hakusema baada ya Idi. Sijamuuliza, na nimejiapiza kwamba safari hii nitamuuliza, sitakwenda kuteka maji. Lakini lililoniamsha mapema si hilo.

Ni kwamba nilikuwa na wewe jikoni. Miezi yote hii, Mama, nilidhani ninampikia Baba, kumbe nilikuwa najipikia mimi. Nikikoroga kama ulivyokoroga, mkono unakuwa wako, harufu inakuwa yako, na kwa muda ule mfupi hujafa. Baba alikuwa analipa kwa njaa yake na sikuona.

Leo ameniomba chai. Nilichukua kopo la iliki nikalifungua, tayari natia, chai yako, iliki tatu na tangawizi iliyopondwa. Nikasimama nalo muda mrefu mpaka maji yakachemka yakamwagika. Kisha nikalifunika. Nimempelekea chai ya mdalasini peke yake, yenye sukari ambayo ungeisema nyingi. Ameinywa yote, anasikiliza redio. Mimi nimekuja hapa kulia kwa sababu ya kopo la iliki.

Siku ile ya kukuzika wanaume ndio waliokutoa nyumbani. Walikubeba wakapita nawe mlangoni, nami nikabaki chumbani na wanawake, nimeziba masikio nisisikie nyayo zao. Sikukutoa mimi. Leo ni mimi, Mama. Nakutoa jikoni kwako kwa mikono hii hii uliyoifundisha, na hakuna wa kunisaidia kubeba.

Mola akupe ubaridi huko ulikolala, huku kwetu ni joto tupu. Naomba radhi kwa ile siku ya saba, nilipocheka. Kwaheri, Mama wangu.

Nakuahidi nitampikia chakula changu, kibaya au kizuri. Nakuahidi atakula.

Mwanao,
Mwanasiti